Bia ya ngano isiyonukia ndizi: angalia chachu na joto kabla ya kopo

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nipo Dar es Salaam. Dada yangu alikuja likizo kutoka Ujerumani akaniletea kopo la kilo 1.7 la dondoo ya kimea cha ngano pamoja na chupa chache za bia ya ngano ya kule. Nilifuata maelezo ya kwenye kopo: nikatia dondoo yote, kilo moja ya sukari, maji hadi lita 23, na pakiti ya chachu iliyokuwa chini ya kifuniko. Ndoo niliiweka chumbani. Ilitoa povu kwa fujo siku mbili, kisha kimya. Nimepata kinywaji chepesi, rangi ya chai ya rangi, povu halikai, na kinanuka dawa ya kutolea rangi ya kucha. Ile harufu ya ndizi na karafuu iliyokuwa kwenye chupa za dada haipo kabisa. Je, niongeze ndizi mbivu kama wafanyavyo kwenye mbege? Au unga wa ngano? Na shemeji yangu ananiambia nitapofuka.

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Nianze na hofu ya shemeji, kwa sababu wengi wanayo na ina chanzo chake. Upofu na vifo tunavyovisikia, kama vile vya Kenya mwezi Mei 2014 ambapo makumi ya watu walikufa, vinatokana na methanoli iliyochanganywa kwenye pombe za magendo. Kimea, maji na chachu ndani ya ndoo havizalishi methanoli ya kiasi cha kumdhuru mtu, na wewe hukukeneka chochote. Hiyo harufu ya dawa ya kucha ni ethili asetati, ambayo chachu huitengeneza yenyewe inapofanyishwa kazi kwenye joto kali. Inaharibu bia, lakini kwa kiasi kinachopatikana humo si sumu. Ila kama unaonja na ukali wa siki, basi bakteria nao wameingia, na hapo tutazungumzia usafi.

Sasa bia yenyewe. Anayeanzia kwenye nafaka anahangaika kutwa nzima: kusaga kimea, kukiloweka kwenye maji ya joto linalotakiwa, kuchuja, kusuuza. Anayetumia dondoo amefanyiwa yote hayo kiwandani. Wanga umeshageuzwa sukari, maji yamepunguzwa, na kilichobaki kwako ni kuyeyusha. Kwa hiyo karibu kila kitu kitakachoitofautisha bia yako na ya jirani aliyefungua kopo kama lako kitatokea ndani ya ndoo, chachu inapofanya kazi. Ndiyo maana nitazungumza kwa kirefu juu ya chachu na joto, na kwa ufupi juu ya mengine.

Ndizi na karafuu unazozitafuta hazimo kwenye ngano wala kwenye kopo. Harufu ya ndizi ni kemikali iitwayo isoamili asetati, ileile iliyomo kwenye ndizi mbivu, na chachu huitengeneza inapokuwa inazaliana. Harufu ya karafuu ni 4-vinili guayakoli, ndugu wa karibu wa kile kinachoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake. Hiyo hutokea pale chachu inapochukua asidi feruliki iliyotoka kwenye nafaka na kuibadilisha. Chachu nyingi za bia haziwezi kabisa kufanya badiliko hilo la pili, kwa sababu wapikaji wa vizazi vingi walizichagua zile zisizolifanya. Chachu za bia ya ngano ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, zimeubakiza uwezo huo, na wapikaji wa kule wameulinda makusudi.

Pakiti inayokaa chini ya kifuniko mara nyingi ni chachu ya kawaida ya kuchachushia bia ya aina yoyote. Huchaguliwa kwa uvumilivu: ikae dukani mwaka mzima, isafirishwe kwenye jua, ikifika iamke. Ukiipa dondoo bora ya ngano duniani itakupa pombe, itakupa gesi, lakini karafuu haitakupa hata ukirudia mara mia. Wamarekani hutengeneza bia ya ngano kwa chachu ya namna hiyo kwa hiari yao, na inaburudisha. Siyo ile uliyoionja, basi.

Kwa hiyo safari ijayo usimwagize dada kopo. Mwagize chachu. Pakiti moja haifiki gramu 12 na haichukui nafasi kwenye begi. Kwa chachu kavu, chaguo langu la kwanza ni Munich Classic ya Lallemand, ambayo huelemea ndizi na kuacha mwili kiasi (uzito mdomoni) kwenye bia. Ya pili ni SafAle WB-06 ya Fermentis, ambayo huelemea viungo zaidi ya ndizi na kuacha bia ikiwa kavu, bila utamu uliobaki. Hiyo WB-06 ina tabia ya kuendelea kula polepole sukari ambazo chachu nyingine huziacha, hivyo kabla ya kuijaza kwenye chupa uwe na subira kuliko kawaida. Zipo pia za majimaji, Wyeast 3068 na WLP300 ya White Labs, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazofika karibu zaidi na harufu ya Bavaria. Lakini zinataka baridi njia nzima, na kuzileta kwa ndege hadi Dar ni bahati nasibu. Pakiti zikifika ziweke kwenye friji mara moja.

Utauliza habari ya hamira ya mkate, maana hilo huulizwa kila mara. Itachachusha, na inaweza hata kutoa harufu kidogo ya karafuu. Lakini haitulii vizuri chini, na ladha yake huwezi kuitabiri. Usiichomee dondoo ya bei ile.

Joto sasa, na hapa ndipo bia yako ilipoharibikia. Chumba cha Dar es Salaam kikiwa na nyuzi 29, ndani ya ndoo si 29. Chachu inapofanya kazi hutoa joto lake, na maji ya kimea yanaweza kupanda nyuzi 3 hadi 5 juu ya hewa ya chumba. Bia yako, basi, ilichachuka kwenye nyuzi 32 au zaidi. Fujo uliyoiona siku mbili za kwanza ndiyo alama yake. Bia ya ngano inataka nyuzi 17 hadi 21 ndani ya ndoo. Ukikaa karibu na 17 karafuu inatawala. Ukikaa 20 au 21 ndizi inapanda. Ukivuka 24, pombe nzito zenye kuchoma koo zinaanza kuongezeka pamoja na hiyo dawa ya kucha, na zikishaingia hazitoki.

Habari njema ni kwamba huhitaji kuipoza kwa wiki mbili. Harufu nyingi hutengenezwa siku 3 za mwanzo, chachu inapozaliana. Hizo ndizo siku za kuamka usiku kuangalia kipimajoto. Baada ya siku ya 4 unaweza kuiacha ipande taratibu hadi 23 au 24, na inasaidia kumaliza kazi.

Watu wa bara hufunika ndoo kwa taulo lililoloa na kuwasha feni, nao hufanikiwa kwa sababu hewa yao ni kavu. Kwa unyevu wa Pwani maji hayakauki haraka, kwa hiyo taulo peke yake halitoshi. Tumia barafu. Tafuta beseni kubwa au pipa lililokatwa, simamisha ndoo ndani yake, jaza maji hadi yafikie usawa wa bia, kisha tia chupa za maji za lita 1.5 zilizoganda. Chupa moja ikiyeyuka yote hushusha lita 30 za maji kwa nyuzi kama 4. Kwa kuwa joto la chumba linaingia muda wote, andaa chupa sita: tatu kwenye maji, tatu kwenye friza, ubadilishe asubuhi na jioni. Bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo na ukifunike kwa sponji ili kisome joto la bia badala ya hewa. Ukija kupata friji ya mitumba na kidhibiti joto cha kuchomeka kwenye soketi, utaachana na barafu, na umeme wa LUKU hautaumia kama unavyofikiri, kwa sababu ndoo ikishapoa huhifadhi baridi yake.

Kosa linalokwenda sambamba na hilo ni kutia chachu kwenye maji ya kimea ambayo bado yana joto, kwa matumaini kwamba yatapoa yenyewe. Yaanze na nyuzi 17 au 18, kisha yaachwe yapande. Kwa maji ya bomba ya Dar yenye nyuzi 27 huwezi kufika huko kwa kulowesha sufuria tu, lakini dondoo inakupa njia ambayo anayepika nafaka hana. Si lazima uchemshe maji yote pamoja. Siku moja kabla, chemsha lita 5, zitie zikiwa za moto kwenye chombo safi kinachohimili joto, funika, na zikipoa ziingize kwenye friji. Siku ya kupika yeyusha dondoo kwenye lita 5 nyingine, poza sufuria kwenye beseni la barafu hadi nyuzi 30, kisha changanya na yale ya friji. Utapata kama nyuzi 18, papo hapo.

Sukari nayo imekuumiza. Kopo la kilo 1.7 lina maji yake ndani, hivyo vitu vikavu havifiki kilo 1.4. Ulipoongeza kilo moja ya sukari, zaidi ya asilimia 40 ya chakula cha chachu kilikuwa sukari tupu. Sukari huliwa yote, haiachi mwili, haileti protini za kushika povu. Bia ya ngano ni bia ya povu na uzito laini mdomoni. Ukiipa sukari umeiondolea sifa zake mbili. Maelezo ya kopo yanataka kukupa lita nyingi kwa pesa kidogo, na sioni sababu ya kuyatii.

Ukiwa na kopo moja, tengeneza lita 11, bila sukari. Haidromita, kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha wingi wa sukari kwenye maji ya kimea, itasoma karibu 1.046 mwanzoni, na ikiishia 1.011 au 1.012 utakuwa na bia ya asilimia 4.5 hivi. Ukitaka lita 20, tafuta makopo mawili, ambayo yatakupa kama 1.051. Hapo soma lebo kwa makini: makopo mengi ya wanaoanza yameshatiwa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Mawili ya namna hiyo yanaweza kuifanya bia iwe chungu kupita kiasi, kwa hiyo changanya moja lenye hopsi na moja lisilo nazo.

Nikipika mwenyewe hutumia dondoo ya unga badala ya ile nzito ya majimaji. Ya majimaji huzeeka ikikaa kwenye joto: inakuwa nyeusi na kupata ladha ya sukari iliyoungua, na kopo lililozunguka kwenye makontena miezi kadhaa linaweza kuwa limeshaharibika kabla ya tarehe yake. Hiyo ni sababu mojawapo ya rangi ya chai uliyoiona. Nyingine ni dondoo iliyozama na kuungua kwenye kitako cha sufuria. Siku zote epua motoni kwanza, mimina huku ukikoroga hadi isibaki hata uzi mmoja chini, ndipo urudishe. Ya unga hudumu zaidi, lakini hewa ya Pwani huigeuza jiwe siku moja baada ya kufunguliwa, kwa hiyo ifunge isiingie hewa kabisa. Na usiichanganye na unga wa kimea wa togwa unaouzwa sokoni. Ule ni nafaka iliyosagwa, wanga wake bado haujageuzwa.

Kwa lita 20 za bia ya dondoo ya unga: kilo 2.7 ya dondoo ya ngano, na gramu 28 za hopsi za Hallertau au Tettnang zenye asidi alfa (ndiyo chanzo cha uchungu) karibu asilimia 4. Chemsha lita 10 za maji (zilizobaki ziwe zile za friji), yeyusha nusu ya dondoo, tia hopsi, chemsha dakika 60. Nusu ya pili itie zikiwa zimebaki dakika 10. Ukiitia yote mwanzoni, maji yanakuwa mazito mno, hopsi hazitoi uchungu wake vizuri na rangi inakolea. Simama karibu na sufuria dondoo inapoingia. Protini za ngano hufanya povu linaloweza kufurika na kuzima moto ndani ya sekunde chache. Chachu, pakiti moja. Kwa lita 11 nusu pakiti inatosha. Kuitia chachu kwa wingi kupita kiasi hupunguza kuzaliana kwake, na ndizi hupungua nayo.

Wanaonisoma kutoka Iringa, Mbeya au Nairobi waongeze dakika 10 kwenye kuchemsha hopsi, kwa kuwa huko maji huchemka karibu nyuzi 94 na uchungu hutoka pole. Kwa upande wa joto wana neema ambayo wewe huna, isipokuwa Njombe mwezi wa Julai, ambako ndoo itahitaji blanketi.

Unga wa ngano, hapana. Dondoo haina tena vimeng'enya vya kugeuza wanga, kwa hiyo unga utabaki wanga: utafanya ukungu wa uji na kulisha bakteria. Isitoshe, ngano imeshatosha. Sheria za Ujerumani zinataka bia ya ngano iwe na angalau asilimia 50 ya kimea cha ngano, na dondoo za ngano zinazouzwa huwa kati ya 50 na 65, zinazobaki zikiwa shayiri.

Ndizi mbivu nazo, hapana. Mbege ni pombe yenye heshima yake Kilimanjaro, na ndizi zake hupikwa na kuungwa na kimea cha ulezi, uchungu ukitoka kwenye gome la msesewe. Ukitumbukiza ndizi kwenye bia hii chachu itakula sukari yake, harufu nyingi itatoka na gesi, na utabaki na tope. Isoamili asetati unayoitaka chachu itakutengenezea bure ukiipa nyuzi 20.

Kuhusu usafi: kila kitakachogusa maji ya kimea baada ya kupoa lazima kioshwe, kisha kiuliwe vijidudu. Ukikosa dawa za wapika bia, tumia jiki isiyo na manukato, mililita 15 kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa. Kamwe usichanganye jiki na siki, gesi yake ni hatari kwa mapafu. Kusuuza huko ni muhimu mara mbili kwenye bia ya ngano, kwa sababu klorini ikikutana na vitu vya jamii ya karafuu hutoa harufu ya plasta ya hospitali. Maji ya bomba yachemshe au yaache wazi usiku kucha kabla ya kuyatumia.

Usifunge ndoo kwa nguvu bila njia ya gesi. Chachu hizi hutoa povu refu kuliko zote ninazozijua, kwa hiyo acha robo ya ndoo tupu na tumia mrija mnene wa mpira unaoingia kwenye jagi la maji, si kile kidude kidogo cha plastiki kinachoziba. Usishtuke ukisikia harufu ya yai bovu kati ya siku ya 2 na ya 4. Ni salfa, itaondoka.

Siku ya 10 pima kwa haidromita, kisha pima tena baada ya siku 3. Namba isipobadilika, jaza. Ikibadilika hata kidogo, ngoja, na kwa WB-06 ngoja siku nyingine 3 hata kama haijabadilika. Chupa inayolipuka hurusha vioo usoni mwa watoto wa nyumbani, na hili sitaki ulichukulie kwa wepesi. Kwa sukari ya chupa, gramu 8 za sukari ya kawaida kwa kila lita, iliyoyeyushwa kwenye maji kidogo ya moto na kuchanganywa taratibu bila kutibua hewa. Wajerumani hutia gesi zaidi ya hapo, lakini chupa zao zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Kwa mara ya kwanza nakushauri utumie chupa za plastiki za soda: ni imara, na unaweza kuziminya kujua gesi imefika wapi. Zikiwa ngumu kama soda mpya, baada ya siku 7 hadi 10 kwa joto la Dar, ziingize zote kwenye friji. Ziweke gizani muda wote, maana mwanga huharibu hopsi.

Inywe ikiwa changa. Ndizi hufifia ndani ya wiki chache, na kwenye joto hufifia haraka zaidi, kwa hiyo lita 11 za kunywa mwezi huo zina faida kuliko 23 za kuzeeka. Unapomimina, acha vidole viwili vya bia chini, zungusha chupa polepole chachu iliyotulia iinuke, kisha malizia. Ukungu ule ni sehemu ya bia.

Zile lita 23 ulizonazo hazitatengemaa kwa kungoja. Zimwage, uoshe ndoo leo kabla masalia hayajakauka. Ikiwa ndoo ina mikwaruzo ndani, nunua nyingine ya chakula. Na ikifika siku ya kutaka kuwauzia majirani, jua kwamba hapo ni biashara ya kileo: leseni na kodi vinatangulia.